Nilikwenda na Ujinga Wangu, Nikarudi Bila

Aprili imenikuta vibaya mwaka huu, jirani. Kwanza baridi haijaondoka. Hapa Columbus, Ohio, Aprili unaona jua dirishani, unatoka na shati, unarudi na mafua. Pili, mashine ya kufulia ya jengo letu inakula sarafu na haifui. Tatu, na hili ndilo lililonitoa nyumbani, kodi.

Hebu nieleze wewe, maana mimi sielewi. Unabeba boksi mwaka mzima. Kila wiki mbili wanakukata. Wanakata kabla hujaiona, kama mpishi anayeonja nyama jikoni mpaka sahani inakufikia na mifupa. Sawa, nimezoea. Lakini ikifika Aprili 15 unatakiwa wewe uliyekatwa ukae chini, uwaandikie walikukata kiasi gani. Wanajua! Mwajiri keshawapelekea karatasi! Ila hawakwambii. Wanakaa kimya na jibu lao mfukoni, wanasubiri ukosee.

Miaka mitatu shemeji ndiye aliyekuwa akinijazia. Shemeji ana kompyuta na ana kiherehere. Mwaka huu kahamia Texas. Kompyuta kaondoka nayo, kiherehere kamwachia dada yake. Dada yake ndiye mke wangu. Kwenye simu shemeji kaniambia, "Wewe ni mtu wa 1,440 mwaka huu, usiwe na wasiwasi." Dola 1,440 za kurudishiwa! Mke wangu kwenye spika anasikia. Kufika jioni alikuwa keshazitumia zote, kichwani.

"Nenda kwa Mwalimu," akasema.

Mwalimu ni mzee wa Mombasa. Kasomesha historia huko kwao miaka mingi, akastaafu, akafuata watoto huku. Jumamosi anakaa kwenye ukumbi wa jumuiya, nyuma ya meza ya kukunja, na chupa yake ya kahawa ya tangawizi, anajazia watu fomu za kodi. Bure. Ningejua hiyo bure ni ya namna gani, ningetafuta wa kulipwa.

Mimi nilijipanga. Nilikuwa na hoja. Kazini kwetu kuna jamaa mmoja, wakati wa kula anakaa karibu na mikrowevu anahutubia. Kasema kodi ya mapato ni kinyume cha Katiba ya Marekani, kesi iko mahakamani tangu zamani, wananchi walishinda, serikali imeficha. Nikaona haya ndiyo maneno. Nikaingia ukumbini kifua mbele.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karatasi zi wapi?"

Nikamwambia, "Kabla ya karatasi, Mwalimu, kuna suala la Katiba."

Ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa ananyonyesha akageuka kuniangalia. Kijana wa Kenya akatoa vidude masikioni. Mwalimu akaifunga kalamu yake taratibu, akamimina kahawa. Usije hata siku moja ukamwambia mwalimu wa historia kwamba kuna suala la Katiba. Mimi ndiye niliyemwambia. Saa nne asubuhi. Na kifungua kinywa sijala.

"Jamaa yako wa kazini," akasema, "asema kweli. Ila ameishia katikati."

Akaanza mbali kweli. 1796. Kuna bwana wa Virginia anaitwa Daniel Hylton, kagoma kulipa kodi ya magari ya farasi. Ili kesi ipate hadhi ya kufika Mahakama ya Juu lazima deni liwe kubwa, basi wakaandika mahakamani kwamba Hylton ana magari 125 ya farasi. Mia na ishirini na tano! Ya kutembelea mwenyewe, si ya kukodisha! Serikali inajua ni uongo, yeye anajua, majaji sijui walitazama wapi. Halafu wakakubaliana kwamba akishindwa atalipa dola 16 tu, yaani za gari moja. Upande wa serikali akasimama Alexander Hamilton mwenyewe, aliyewahi kuwa waziri wa fedha. Hylton akashindwa. Majaji wakasema kodi ya namna hiyo si ya moja kwa moja, na Katiba inazibana zile za moja kwa moja tu, kwamba zigawanywe majimboni kwa idadi ya watu.

Nikamuuliza hiyo inanihusu vipi, mimi nina gari moja. Akasema, "Gari tutalifikia." Sikulitia maanani neno lile. Ningelitia, ningeondoka palepale.

Basi. Ikaja vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, serikali ikahitaji pesa, ikaweka kodi ya mapato. William Springer, wakili wa Illinois, mapato yake ya 1865 yamepita dola 50,000, akakataa kulipa. Wakakiuza kiwanja chake cha Springfield na nyumba juu yake, na aliyenunua ni serikali yenyewe! Springer akabishana mpaka Mahakama ya Juu. 1881 wakamwambia kodi ni halali, toka nyumbani.

Sasa weka hiyo pembeni. Bunge likaweka kodi nyingine 1894. Asilimia 2 kwa anayepata zaidi ya dola 4,000 kwa mwaka, na wakati huo dola 4,000 ilikuwa hela ya wenye matumbo. Akatokea Charles Pollock wa Massachusetts. Ana hisa kumi kwenye kampuni moja ya New York, Farmers' Loan and Trust. Kumi tu. Akaishitaki kampuni yake isilipe kodi. Na kampuni yenyewe, jirani, haitaki kulipa! Yaani mshitaki na mshitakiwa lao moja, kama ndugu wawili wanaogombana mbele ya mwenye nyumba ili asahau kodi ya pango. Wakili wao, Joseph Choate, akawaambia majaji kodi hii ni ya kikomunisti. Kwa asilimia mbili!

Hapa Mwalimu akachangamka, akasogeza kiti. Majaji walikuwa tisa ila mmoja mgonjwa, Howell Jackson, yuko kwao Tennessee na kifua kikuu. Wanane waliobaki wakagawanyika nne kwa nne kwenye maswali makubwa. Ikabidi kesi isikilizwe upya. Jackson akabebwa na ugonjwa wake mpaka Washington, akakohoa kwenye kiti cha jaji siku tatu, akapiga kura yake: kodi ni halali. Nne kujumlisha mmoja?

"Tano," nikajibu haraka. Hesabu hiyo naijua.

"Kodi ikashindwa tano kwa nne," akasema Mwalimu.

Nikahesabu tena kwa vidole. Mama wa Kikongo naye nikamwona anahesabu. Kumbe kati ya wale wanne wa mwanzo kuna aliyegeuka. Ni nani, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Jackson akarudi kwao, Agosti mwaka huohuo wa 1895 akafa. Kasafiri na kifua kile kuja kupigia kura upande ulioshindwa. Mimi nilijiona ndiye nina mkosi.

Na Springer? Nyumba imekwenda. Mahakama ileile, miaka 14 baadaye, inawaambia matajiri wa New York kwamba wao wasilipe.

"Kwa hiyo wananchi walishinda!" nikasema kwa sauti. Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

"Keti," akasema Mwalimu.

Nikaketi. Akanieleza kwamba Februari 1913 Wamarekani waliibadilisha Katiba yenyewe, marekebisho ya 16, Bunge linaweza kutoza mapato yatokako kokote bila kugawanya majimboni. Oktoba sheria ikapita. Asilimia 1 juu ya dola 3,000, wenye ndoa dola 4,000. Fomu yenyewe ndiyo hii 1040, tena siku hizo ilikuwa kurasa nne na maelekezo yakiwa humohumo. Akaja bwana Frank Brushaber, naye na ujanja ule wa Pollock, akaishitaki kampuni ya reli ya Union Pacific aliyokuwa na hisa zake. Januari 24, 1916, akashindwa. Hukumu kaandika Jaji Mkuu Edward White. Huyu White, 1895, alikuwa mmoja wa wale wanne walioshindwa pamoja na Jackson. Miaka 21 kaweka moyoni!

Ndiyo hiyo nusu aliyoisahau jamaa wa mikrowevu. Miaka zaidi ya mia. Na mimi nimeitangaza mbele ya watu kwa sauti.

"Sasa karatasi," akasema Mwalimu.

Nikatoa mfuko. Karatasi ya mwajiri ilikuwa imelowa mchuzi wa mchicha, usiniulize ilikuwaje. Mwalimu akaikausha kwa leso, akaandika namba zake. Halafu akaniangalia juu ya miwani. "Chengine ulichopata mwaka jana?"

Swali dogo vile. Mimi nikaona ni mazungumzo. Mtu anakuuliza habari za nyumbani. Kwa mdomo wangu huu, jirani, nikamsimulia habari ya sofa.

Sofa nililinunua Novemba kwenye karakana ya bibi mmoja aliyekuwa anahama, dola 40. La kahawia, limebonyea upande mmoja kama ngamia kakalia. Desemba mwanangu kaangusha rimoti, nikapitisha mkono kati ya mito mpaka kwenye kiwiko. Nikatoa kifungo cha koti, betri mbili, kadi ya daktari wa meno na dola 63. Ishirini tatu, moja tatu, zimekunjwa kwa karatasi ya chingamu. Siku hiyo nilipiga vigelegele mwenyewe. Nikanunua mguu wa mbuzi. Nilipomsimulia Mwalimu nilikuwa nacheka, nikidhani naye atacheka.

Akaandika 63.

"Mwalimu, unaandika nini?"

Akaniambia kisa cha kinanda. Kimetokea hapahapa Ohio, huko kaskazini. Mke na mume kwa jina la Cesarini, 1957 walinunua kinanda kikuukuu mnadani, dola 15. Kikakaa nyumbani miaka saba. 1964 wanakisafisha, wanakuta ndani dola 4,467, noti za zamani. Nasikia kwenye moyo wangu vile walivyoruka. Wakazipeleka benki, wakabadilishiwa, wakaziandika kwenye fomu, wakalipa kodi. Waungwana. Baadaye wakajuta. Wakaomba warudishiwe dola 836 na senti 51. Hoja zao: kwanza kuokota si mapato. Pili, hata kama ni mapato, ni ya mwaka tulionunua kinanda, na mwaka huo muda wake wa kudaiwa ulishapita. Hoja tamu! Mimi ningewapa. Jaji wa shirikisho mwaka 1969 akakataa zote mbili. Ulichookota ni mapato, na mwaka wake ni ule ulioingiza mkono ukakipata.

"Lakini sofa nililinunua mimi! Na vilivyomo!"

"Na wao kinanda walikinunua."

"Nimeshakula, Mwalimu. Mguu wa mbuzi."

"Mbuzi hana fungu kwenye fomu."

Kijana wa Kenya akacheka mpaka kidude kimoja kikadondoka kwenye chai.

Akaniambia mzizi wa yote ni kampuni moja ya chupa huko Pennsylvania, Glenshaw Glass. Ilidhulumiwa na kampuni nyingine kibiashara, ikalipwa, na ndani ya malipo kulikuwa na fungu la adhabu, zaidi ya dola 324,000. Wakasema hili si mapato, hatukulitolea jasho, ni faini ya mkosaji imetuangukia. 1955 Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu Earl Warren, ikasema mali imekuongezekea, imekufikia mkononi, ni wewe unayeitawala: ni mapato. Haijali imetoka kwenye jasho au kwenye mito ya sofa.

Mimi mali imeniongezekea! Dola 63! Jirani, wewe umeniona kwangu. Umeona mali?

Nikasema basi, mdomo naufunga. Nikaufunga kweli, kama dakika mbili. Halafu nje kengele ya gari ikalia. Ikalia tena. Ni langu, linalia lenyewe likipata baridi. Mwalimu akachungulia dirishani. Mlango wa pembeni umefungwa kwa kamba ya katani, kioo cha nyuma ni mfuko wa takataka na gundi.

"Gari jipya?" akauliza.

"Kanipa bosi. Zawadi."

Nilisema hivyo kwa majivuno. Ndiyo aibu inayoniuma mpaka sasa. Hata nikaongeza, maana nilitaka ukumbi usikie kwamba mimi napendwa kazini: "Nilimletea vijana sita wa kazi, akafurahi, akanipa funguo. Bila karatasi, bila senti."

Mwalimu akamimina kahawa nyingine. Nikajua nimekwisha.

Dayton ni saa moja na kitu kutoka hapa. Alikuwapo huko mfanyabiashara wa vyuma anaitwa Mose Duberstein. Rafiki yake wa biashara, bwana Berman wa kampuni ya Mohawk Metal, alikuwa anampigia simu kuuliza wateja, naye anampa majina. Majina yakazaa. 1951 Berman akamwambia, nataka kukupa zawadi, Cadillac. Duberstein akajibu sihitaji, ninayo Cadillac, na ninayo Oldsmobile vilevile. Hebu nione mtu wa hivyo kwa macho yangu! Akapewa tu. Na kampuni ya Berman ikaiandika Cadillac ile kwenye vitabu vyake kama gharama ya biashara. Duberstein hakuiandika popote, zawadi haina kodi. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, 1960. Wakasema zawadi ni kile kinachotoka kwenye moyo mweupe, usio na hesabu ya kulipana wala kungojea. Gari hili lilikuwa shukrani ya majina. Lipa.

"Na huyo hakuwa mwajiriwa wa Berman," akasema Mwalimu. "Wewe ni mwajiriwa. Tangu sheria ya 1986, alichokupa bosi hakiitwi zawadi hata akikifunga utepe."

Nikatafuta utetezi. Nikasema bosi ananipenda. Nikasema ana moyo mweupe. Hapo hata mimi sikujiamini, maana moyo wa bosi naujua. Nikasema gari bovu. Mwalimu akafungua kompyuta, akaingiza mwaka na maili, ikatoka dola 1,800. Nikamwambia mlango haufunguki. Akashusha 100. Nikamwambia linanuka mbwa, na sisi mbwa hatujawahi kufuga. Akashusha 50. Ikabaki 1,650. Jirani, umewahi kusimama mbele za watu ukilitukana gari lako mwenyewe kwa bei ya hamsini hamsini? Na nje lenyewe linalia.

Nikaona nijitetee kwa wengine. Wezi je? Wezi mbona hawalipi? Hapo nilijua nimempata.

Hakupatikana. Manly Sullivan, muuza pombe ya magendo wa Charleston, alisema akijaza fomu atakuwa anajichongea mwenyewe. 1927 Mahakama ya Juu, Jaji Holmes, ikamwambia jaza. Miaka minne baadaye ndipo jambazi Al Capone wa Chicago akafungwa miaka 11, si kwa damu, kwa kodi. Halafu kuna Eugene James, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alikwapua zaidi ya dola 738,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huyu alikuwa na hoja: 1946 Mahakama ya Juu yenyewe ilisema pesa ya wizi si mapato ya mwizi, kwa sababu ana deni la kurudisha. 1961 majaji wakasema tulikosea, wizi ni mapato. Lakini James mwenyewe wakamwachia hatia ile ya kodi, kwa kuwa alipokuwa anakwapua sheria ilikuwa upande wake. Unaona bahati za watu? Mwizi wa 738,000 anaachiwa, mimi wa 63 nimeketi kwenye kiti cha plastiki.

Nikajaribu kwa mke. Shemeji aliwahi kuniambia ukigawana mshahara na mkeo kwa maandishi kodi inapungua. Mwalimu akasema hiyo ilijaribiwa na Guy Earl, wakili wa California. Yeye na mkewe waliandikiana tangu 1901 kwamba kila tunachopata ni cha wote wawili. 1930 Holmes huyohuyo akasema huwezi kulitundika tunda kwenye mti ambao halikuota. Mimi ni mtu wa Tanga, machungwa ya Muheza nayajua, hoja ilinigusa. Aliyefanya kazi ndiye mti. Mwaka uleule mahakama ikawakubalia watu wa jimbo la Washington, kwa kuwa sheria ya kwao inasema mali ya ndoa ni ya wote tangu inapopatikana. Fujo mpaka 1948, Bunge likaruhusu wanandoa wa nchi nzima wanaojaza pamoja wagawane mapato nusu kwa nusu. "Hivyo ujanja wako," akasema Mwalimu, "ni kisanduku. Nshakitia alama." Nilipomsimulia mke wangu jioni habari ya kugawana mshahara nusu kwa nusu, akaniuliza, "Nusu ipi hiyo? Mbona sijawahi kuiona?"

Nauli na mafuta ya kwenda kazini? 1946, wakili Flowers, anaishi Jackson, Mississippi, kazi iko Mobile, Alabama. Wakamwambia umechagua mwenyewe kuishi mbali, jilipie. Hiyo aliipita haraka, hata kahawa hakunywa.

Basi nikatoa karata yangu ya mwisho, karata ya mama. Kwenye zile 1,440 za shemeji kulikuwa na 500 za mtegemezi, na mtegemezi ni mama yangu, Tanga. Namtumia kila mwezi. Risiti ninazo, zote, hazijalowa mchuzi. Nikazipanga mezani kama karata.

Mwalimu akazitazama kwa heshima, nikaona macho yamelainika. Akanisimulia Charles Moritz wa Denver. Hajaoa maisha yake yote, anamtunza mama yake wa miaka 89, anamlipa mtu wa kumwangalia akienda kazini. Akaandika punguzo la dola 600 kwa mwaka 1968. Akakataliwa. Sheria ilimpa punguzo lile mwanamke yeyote, na mwanamume mjane, na aliyeachana na mke. Kapera hapana! Mahakama ya Kodi alikwenda peke yake, akashindwa. Mwanasheria wa kodi mmoja, Martin Ginsburg, akaisoma kesi, akampelekea mkewe chumba cha pili. Mkewe ni Ruth Bader Ginsburg, siku hizo mwalimu wa chuo, bado hajawa jaji. Wakaibeba wote wawili. 1972 mahakama ya rufaa ikasema kumbagua mwanamume kwa uanaume wake ni kinyume cha Katiba. Moritz akapata punguzo lake la dola 600.

Machozi yakanilenga. Hatimaye! Mtu na mama yake!

"Mama yako ni raia wa Marekani?" akauliza Mwalimu.

"Hapana."

"Aishi huku?"

"Tanga, Ngamiani."

"Sheria yasema awe raia au mkazi wa huku."

Nikakaa nikafikiria. Nakiri nilifikiria. Mama yangu akisikia upepo wa Pangani anajifunga kanga mbili, nimlete Ohio? Na wali wa huku atasema hauna nazi. Mwalimu akazikusanya zile risiti, akazifunga kwa mpira, akanirudishia kwa mikono miwili. Akafuta 500.

Kuna aliyewahi kushinda kiume? Nikauliza hivyo kwa hasira. Akanitajia Myrtle Macomber, ana hisa 2,200 za kampuni ya mafuta ya California, kampuni ikamwongezea 1,100 bila kumpa hata senti. 1920, tano kwa nne, wakasema hajapata kitu. Mkate wa kumimina ni uleule, umekatwa vipande vingi zaidi. Watu wakaishi na matumaini ya mama huyo zaidi ya miaka mia, kwamba usichokitia mkononi hakitozwi. Mke na mume wa jimbo la Washington, akina Moore, wakaenda nayo Mahakama ya Juu. Waliweka dola 40,000 kwenye kampuni ya zana za kilimo huko India, faida hawajaiona, wakadaiwa kodi dola 14,729. Juni 2024 wakashindwa saba kwa mbili. Mimi hisa sina hata ya kusimuliwa, lakini niliwahurumia. Hao angalau hawakula mbuzi.

Sasa sikiliza hii ya mwisho, ndiyo iliyonimaliza.

Nilisimama. Nikasema kwa unyenyekevu wote, "Mwalimu, mimi haya sikuyajua. Sofa sikujua, gari sikujua, mama sikujua. Mtu asiyejua anahukumiwaje?"

Mwalimu akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Hiyo," akasema, "ndiyo hoja yako pekee yenye uzito."

Moyo ukaruka. Akanipa habari ya John Cheek, rubani wa ndege wa American Airlines. Alihudhuria mihadhara ya watu kama jamaa yangu wa mikrowevu, akaamini mshahara si mapato. Kwenye karatasi ya mwajiri akafikia kudai nafuu 60, kama vile ana kijiji anachokilisha, ili asikatwe. Fomu akaacha kuzijaza kabisa. Akashitakiwa. 1991 Mahakama ya Juu ikasema sheria za kodi zimekuwa nyingi na ngumu mno, hivyo mtu anayeamini kwa dhati kwamba hadaiwi, hata imani yake iwe ya kipumbavu, hajakusudia jinai. Lazima baraza la wazee wa mahakama lipime alikuwa anaamini kweli au anajifanya.

Ujinga ni ngao! Mahakama ya Juu imesema! Na mimi, jirani, unanijua, kwa ujinga nina akiba ya kutosha ukoo mzima. Nilijiona tajiri. Nikaanza kurudisha karatasi kwenye mfuko, zile zilizokauka na zile bado.

"Cheek alirudishwa kusikilizwa upya," akasema Mwalimu. "Akapatikana na hatia tena. Na jingine. Anasamehewa asiyejua. Wewe tangu saa nne umekaa hapo nakufunza."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro. Nikatazama ukumbi. Mama wa Kikongo anatikisa kichwa, kijana wa Kenya anatikisa kichwa. Mashahidi. Nilikuwa nimeingia mle na ujinga mzima, safi, unaotambuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani, na mzee huyu kaninyang'anya wote kwa saa tatu, na hata kahawa hakunikaribisha.

Akageuza kompyuta. Zile 1,440 za shemeji. Toa 500 za mama, 940. Jumlisha gari na sofa, dola 1,713 za mapato, kwa asilimia 12 ni 206. Inabaki 734. Chini ya fomu kuna mstari wa kusaini kwamba yote ni kweli kwa kadiri ya ujuavyo. Asubuhi nilikuwa sijui kitu, ningesaini kwa raha. Nikasaini mkono ukitetemeka.

Mke wangu habari ya 734 ameipokea kimya. Ananuna mpaka leo na hataki kulikalia lile sofa, anasema lina macho.

Kwa hiyo sofa nauza. La kahawia, limebonyea upande mmoja tu, mito yote nimeshapekua mara tatu. Bei ni dola 40, ileile niliyonunulia. Njoo jioni na gari lako, langu halifunguki. Na nakuomba sana, jirani, ukija usiniongezee hata dola moja kwa kunionea huruma. Ikizidi 40 ni faida, na Mwalimu atauliza.